Deni la Sekunde Thelathini

Kompyuta za zamani zilikuwa na sauti. Kijana aliyezaliwa akakuta simu za kioo hawezi kulielewa hili, lakini sisi tuliokaa kwenye steshenari za Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii tulijua hali ya mashine kwa sikio kabla ya kutazama skrini. Feni ilinguruma muda wote, kwa hiyo haikuwa na habari. Habari ilitoka kwenye diski: krr, krr-krr, kimya, halafu krrrrr ndefu isiyokatika, na taa ndogo nyekundu mbele ya kasha inawaka bila kupepesa. Ukisikia hiyo ndefu, toa mkono kwenye kipanya. Bofya utakavyo, hakuna wa kukusikiliza.

“Imestaki,” mteja anatangaza, kana kwamba wewe huoni.

Sababu zilizotolewa enzi hizo zilikuwa nyingi, na kila moja ilitolewa kwa uhakika. Virusi. Vumbi. Joto la Februari. Umeme mdogo. Mashine imechoka. Wapo waliolipiga kasha kofi, na kwa kuwa kuganda kwenyewe huisha kwa wakati wake, kofi lilipata sifa lisiyostahili. Fundi wa mtaani yeye alikuwa na jibu moja kwa kila maradhi: ongeza RAM. Jibu hilo nitalirudia huko mbele, maana kwa ugonjwa huu lilikuwa karibu na kinyume cha dawa.

Steshenari niliyofanyia kazi ilikuwa jirani na chuo, na iliishi kwa wanafunzi: kuchapa, kudurufu, kufunga utafiti kwa jalada gumu, kuchoma CD. Mashine zilikuwa Pentium 4 za mitumba, zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya zikaja kwa kontena, nyingine bado zina vibandiko vya namba za mali za hizo ofisi. RAM ya MB 256 ndiyo ilikuwa kawaida. Mwenye 512 alijisikia. Mwenye duka, mzee mmoja mkali wa hesabu, alichoshwa na virusi vya flashi za wanafunzi. Kila flashi ilikuja na wageni wake, na kila wiki tulikuwa tunafuta mashine na kuanza upya. Akaamua tuweke Linux. CD za Ubuntu wakati ule zilitumwa bure kwa posta, ukijaza fomu unasubiri bahasha. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2011. Na Linux haikuwa jambo geni sana mjini, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Virusi vikaisha siku ile ile. Kuganda kukabaki.

Tofauti ni kwamba sasa kuganda kulikuwa na ratiba, na ukikaa nako muda mrefu unaanza kuijua. Hakukuja wakati wa kuchapa barua. Hakukuja wakati wa kucheza muziki. Kulikuja pale faili kubwa lilipokuwa linaandikwa mahali fulani, hasa kwenye flashi, na mtu mwingine anataka kufanya jambo dogo kabisa: kufungua menyu, kuhifadhi ukurasa mmoja, kutazama tovuti ya matokeo ya mtihani.

Mama mmoja, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akisoma shahada yake jioni, alikuja kuchapiwa utafiti. Tuko katikati ya sura ya tatu, na pembeni nimeweka filamu ya MB 700 inanakiliwa kwenda kwenye flashi ya kijana aliyesimama nyuma yake, diski ikaanza ile sauti ndefu. Niliandika sentensi nzima bila herufi hata moja kutokea. Mshale wa kipanya unatembea. Vingine vyote vimekufa ganzi.

“Mwanangu, kazi yangu ipo?”

“Ipo, mama.”

“Iko wapi?”

“Imo humo humo, mama. Tusubiri kidogo.”

Baada ya muda herufi zote zikamwagika kwa mkupuo, na makosa yake yote. Mama akashusha pumzi. Lakini swali lake la pili lilikuwa zuri kuliko majibu yangu yote mawili, kwa sababu hasa hilo ndilo lilikuwa tatizo: kazi ilikuwa wapi?

Programu inapohifadhi faili, haiandiki kwenye diski. Inaikabidhi keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Keneli inaiweka kwenye RAM, katika kurasa za baiti 4,096, inazitia alama kwamba ni kurasa chafu, yaani zimebadilika na diski bado haina habari, kisha inaijibu programu: tayari. Hapo ndipo mwambaa wa kunakili unapokimbia hadi mwisho na mteja anaanza kunyoosha mkono kuchukua flashi yake. Hakuna kilichoandikwa bado, au kimeandikwa kidogo tu. Ni daftari la Mangi wa mtaani: unga na sukari vimeshaondoka dukani, pesa zitakuja. Duka linakwenda vizuri sana kwa mtindo huo mpaka siku madeni yanapozidi. Siku hiyo Mangi anafunga daftari na kumsimamisha kila mtu kwenye foleni, hata mtoto aliyekuja na shilingi zake mkononi kununua kiberiti.

Tusiwaonee walioubuni utaratibu huo. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kichwa chake cha kusomea kinabidi kwanza kisogee hadi kwenye njia husika, halafu kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Jumla yake diski kama hiyo hufanya safari 60 hivi kwa sekunde moja, basi. Faili likiwa limekaa mfululizo, kichwa kinatulia na diski inameza MB 40 au zaidi kwa sekunde. Kurasa zikiwa zimetawanyika, kila safari inabeba KB 4 tu, na diski ile ile inaporomoka hadi KB 240 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo MB 100 zilizotawanyika ovyo zingechukua dakika 7. Kwa hiyo ni busara kukusanya maandiko mengi, kuyapanga kwa mfuatano wa anwani, kisha kuyapeleka kwa pamoja. Tena mafaili mengi huzaliwa na kufutwa ndani ya sekunde chache. Ukichelewa kidogo, hayo hayaigusi diski kabisa. Deni dogo ni neema.

Na ni deni la zamani. Mifumo ya Unix ya miaka ya 1970 ilikuwa na programu ndogo iitwayo update, kazi yake kuamka kila baada ya sekunde 30, kuita sync, na kurudi kulala. Waendeshaji wa mashine zile walikuwa na ibada ya kupiga amri ya sync mara tatu kabla ya kuzima. Mara moja ingetosha. Ya pili na ya tatu zilikuwa za kuupa mkono kazi wakati diski inamalizia. Kwenye kompyuta ndogo somo lilikuja kwa maumivu. MS-DOS 6.0, ya mwaka 1993, ilikuja na SmartDrive inayochelewesha maandiko. Mtumiaji anaona kidokezo cha amri kimerudi, anaamini kazi imeisha, anazima swichi. Faili limekwenda na maji. Toleo la 6.2, mwaka huo huo, likaifanya programu hiyo isirudishe kidokezo mpaka maandiko yawe yametua kwenye diski.

Watu wengi huchanganya jambo hili na lile la kumbukumbu kuhamishiwa diski pale RAM inapojaa. Hilo nalo lipo, na lina sauti inayofanana. Lakini pale RAM haitoshi. Hapa RAM ilikuwa inatosha, wakati mwingine ilikuwa imejaa nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyoruhusu deni kukua.

Sasa nifike kwenye ext3, mfumo wa faili tuliokuwa tunautumia bila kuujua jina. Uliandikwa na Stephen Tweedie na kuingia kwenye keneli rasmi ya Linux Novemba 2001. Kwetu ulikuwa baraka. Ext2 iliyoutangulia ilikuwa ukikatikiwa umeme, mashine ikiwaka tena inaanza kukagua diski nzima, sehemu kwa sehemu, na wateja wanahamia duka la jirani. Ext3 ilikuwa na jonali, kumbukumbu ya mabadiliko iliyoandikwa kando, hivyo umeme ukirudi mashine inasoma jonali kwa sekunde chache na kuendelea. Katika mji ambao umeme unakatika bila kuaga, huo ni ustaarabu.

Ila ulikuwa na sharti lake. Kwa mpangilio wa kawaida wa ext3, kabla jonali haijathibitisha mabadiliko, data zote zinazohusika nayo lazima ziwe zimeshaandikwa mahali pake. Uthibitisho ulifanyika kila sekunde 5. Na programu yoyote ikisema “mimi nataka faili langu liandikwe sasa hivi, sitaki deni”, kwa wito uitwao fsync, ext3 haikuwa na njia ya kuliandika faili hilo peke yake. Iliandika vyote vilivyokuwa kwenye uthibitisho huo. Ukiomba kuhifadhi KB 2 wakati mtu mwingine ana MB 150 za filamu zinazosubiri, unasubiri filamu.

Muda mrefu hilo halikuonekana sana, kwa sababu programu chache ziliita fsync. Kisha likaja jambo la 2008. Firefox 3, iliyotoka Juni mwaka huo, ilianza kutunza historia ya kurasa zilizotembelewa ndani ya hifadhidata ya SQLite, na SQLite ni mtu wa kanuni: kila ingizo linataka fsync ili lisipotee. Ukifungua kurasa kumi, umedai madeni yote ya mashine mara kumi. Kwenye mifumo mingine ya faili hakuna aliyeshtuka. Kwenye ext3, kivinjari kiliweza kuganda kwa makumi ya sekunde huku diski ikikoroma. Ubuntu 8.04 ilikuwa imetoka Aprili ikiwa na Firefox hiyo tayari, toleo la majaribio la tano, kwa hiyo watumiaji wengi wa Linux wa kawaida waliipata bila kuitafuta.

Nani alaumiwe? Wa kivinjari walisema wamefuata sheria: anayetaka data isipotee aite fsync. Wa keneli wengine walisema kuita fsync kwa kila ukurasa wa historia ni utovu wa adabu. Wote walikuwa sahihi, na mtu aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita hakufaidika na usahihi wao. Maoni yangu, baada ya miaka yote hii, ni kwamba kosa la kivinjari lilikuwa dogo kuliko lilivyosemwa. Aliyeomba risiti ya KB chache hakupaswa kulipishwa madeni ya soko zima.

Na kiasi cha deni kilichoruhusiwa kilipangwaje? Kwa asilimia. Hapa ndipo ninapomkumbuka yule fundi na RAM yake.

Keneli za awali za mfululizo wa 2.6 ziliruhusu karibu asilimia 40 ya kumbukumbu iliyopo iwe chafu kabla ya kuwasimamisha waandishi. Mwaka 2007 kiwango kikashushwa hadi 10. Mwaka 2009 kikapandishwa tena hadi 20, kwa sababu kipimo kimoja cha kasi, iozone, kilionyesha kushuka. Nilipolisoma hilo nilicheka bila furaha: kipimo kinachoendeshwa kwenye mashine isiyo na mtu mbele yake kilikuwa na mtetezi, na mama wa sura ya tatu hakuwa naye.

Fanya hesabu mwenyewe. Asilimia 40 ya MB 256 ni MB 100 hivi. Flashi ya bei rahisi ya siku zile iliandika MB 4 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, kwa hiyo deni hilo linalipwa kwa sekunde 25. Unalalamika. Fundi anakuuzia RAM, mashine inafika 512, deni linaruhusiwa kufika MB 200, malipo yanakuwa sekunde 50. Mashine inafungua programu upesi kuliko zamani, hilo ni kweli, lakini siku ya kunakili filamu inaganda mara mbili zaidi. Mteja anarudi. Fundi anamtazama kwa huruma na kumwambia 512 siku hizi haitoshi.

Wenye mashine za biti 32 walikuwa na kinga ambayo hakuna aliyewapangia: keneli yao ilihesabu asilimia hizo kwenye sehemu ya chini ya kumbukumbu tu, isiyofika hata GB 1, kwa hiyo deni halikuweza kukua bila mpaka. Waliohamia biti 64 wakiwa na RAM nyingi ndio walioipata yote. Mwenye GB 16 aliruhusiwa deni la zaidi ya GB 3. Kwa flashi ya MB 4 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 13 za kungoja baada ya skrini kusema kazi imekwisha. Suala hilo lilipoibuliwa Novemba 2013, Linus Torvalds mwenyewe alikiri kwamba hesabu ya asilimia ilikuwa urithi wa siku ambazo kompyuta zilikuwa na kati ya MB 8 na 64, na asilimia ya kiasi hicho ilikuwa kitu cha maana. Kumbukumbu ilikua mara mia, flashi hazikukua hivyo, na asilimia ikabaki pale pale ikitazama.

Kipindi hicho umeme nao haukuwa mtazamaji. Mgao wa 2011 wengi wanaukumbuka kwa jenereta na harufu ya petroli mitaani; mimi naukumbuka kwa mafaili matupu. Tulikuwa tumehamia ext4, iliyotangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika keneli 2.6.28, Desemba 2008. Ext4 ilikuwa nyepesi, ule mkoromo ulipungua, na fsync ya mmoja haikuwakamata tena wote kwa namna ile. Lakini wepesi wake ulitokana kwa sehemu na kuchelewa zaidi. Haikuamua hata mahali pa kuiweka data mpaka wakati wa kuiandika ufike, na wakati huo ungeweza kuwa nusu dakika au zaidi. Tuliozoea sekunde 5 za ext3 tulikuwa tumezoea ulinzi ambao hakuna aliyeuahidi. Mapema mwaka 2009 watumiaji walianza kuripoti kwamba mashine ikizimika ghafla, mafaili yaliyokuwa yamehifadhiwa muda mfupi kabla yanakutwa yana ukubwa wa sifuri. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwa subira kwamba programu ndizo zilizokosea kwa kutoita fsync, kisha akaweka viraka ili mifano iliyokuwa ya kawaida zaidi iokolewe hata hivyo.

Fikiria hali ya mwandishi wa programu baada ya hapo. Mwaka 2008 amefokewa kwa kuita fsync. Mwaka 2009 anafokewa kwa kutoiita.

Na mwaka huo huo wa 2009, ili kupunguza kuganda, keneli 2.6.30 ilibadilisha mpangilio wa kawaida wa ext3 ili usisubiri data kabla ya jonali. Kasi ilipatikana, uhakika ukapungua. Keneli 2.6.36 ikaurudisha mpangilio wa zamani. Ukiyatazama mabadiliko hayo kwa mbali unaona watu wenye akili nyingi wakisogeza mzigo ule ule kutoka bega moja kwenda jingine.

Kazi ya kweli ilifanyika polepole na bila shangwe. Jens Axboe aliipa kila diski mlipaji madeni wake, mwishoni mwa 2009, ili flashi ya mtu mmoja isiwe na mhasibu mmoja na diski ya mfumo. Wu Fengguang aliondoa, katika keneli 3.2 ya Januari 2012, tabia ya kuilazimisha kila programu iliyovuka kikomo iende yenyewe kuandika kwenye diski. Kabla ya hapo programu kumi zilizovuka zilikuwa zinakivuta kichwa kimoja huku na huko. Sasa zililazwa kidogo tu, kwa kadiri ya deni la kila moja. Halafu Axboe tena, katika keneli 4.10 ya Februari 2017, akaweka kizuizi cha maandiko ya nyuma ya pazia. Wazo lake ni jepesi kiasi cha kukera: anayesoma ana mtu anayesubiri, anayeandika deni la zamani hana, kwa hiyo maandiko yasiruhusiwe kujaza foleni yote ya diski mpaka anayesoma akose pa kupita.

Mwaka 2017! Steshenari ilikuwa imeshafungwa. Mwenye duka alikuwa amehamia biashara ya vifaa vya ujenzi, na ofisi za mjini zilikuwa zinanunua kompyuta zenye diski za SSD ambazo hazina kichwa, hazina mzunguko, na hazijui safari 60 kwa sekunde ni kitu gani. Ugonjwa uliponywa na pesa kabla haujaponywa na maarifa. Aliyeweza kununua SSD hakuhitaji tena kuelewa. Asiyeweza alibaki na mashine ya kontena na keneli ya zamani, na dawa ilikuwa tayari kwa ajili yake hasa, isipokuwa hakuna aliyemwambia asasishe.

Leo ugonjwa umehamia mahali pasipo na sauti. Kwa miaka mingi kompyuta mpakato za bei nafuu ziliendelea kuuzwa na Windows 10 juu ya diski ya mizunguko 5,400, na wenye nazo walijifunza kufungua Meneja wa Kazi na kukuta safu ya diski ni nyekundu, asilimia 100, wakati prosesa imepumzika na RAM imebaki nusu. Flashi nazo Microsoft iliamua, kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, kwamba vifaa vya kuchomeka vilipe papo kwa papo badala ya kukopa, ili anayechomoa bila kuaga asipoteze kitu. Uamuzi wa busara, na umekiri jambo ambalo kila mwenye steshenari alilijua: hakuna mteja wa Dar es Salaam aliyewahi kubofya “ondoa kwa usalama”.

Simu ndizo zinazonisikitisha zaidi. Android ni keneli ya Linux ile ile, na simu nyingi tunazonunua zina hifadhi ya eMMC ya daraja la chini, isiyo na taa wala krr-krr. Nexus 7 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa kuzeeka vibaya, ikawa nzito kadiri hifadhi yake ilivyojaa, na ilibidi Android 4.3, mwaka 2013, ije na utaratibu wa kuiambia hifadhi ni vipande gani vimeshafutwa. Simu ya bei ya chini inaposasisha programu zake usiku inaweza kuganda kama Pentium yetu, ila mwenye simu haoni kinachoendelea. Haisikii. Anaitikisa, anaizima, anaiwasha. Binti wa jirani yangu aliniletea ya kwake wiki iliyopita: “Shikamoo, naambiwa wewe unajua simu nzito.” Nikamwuliza imebaki nafasi kiasi gani. Zilibaki MB chache tu, picha za harusi zimejaa. Kwa simu, fundi wa mtaani anayesema futa picha ana haki kuliko yule wa RAM, hata kama hajui kwa nini: hifadhi iliyojaa haina pa kuandikia bila kwanza kuhamisha kilichopo, na kila andiko moja linazaa mengine.

Nikifungua mipangilio ya keneli ya kompyuta ninayoandikia makala haya, namba ni zile zile. Ukurasa mchafu ukitimiza sekunde 30 hupelekwa diski, kama enzi za update. Mlipaji huamka kila sekunde 5. Kikomo ni asilimia 20. Mashine ina GB 16, kwa hiyo ina kibali cha kudaiwa zaidi ya GB 3 bila mimi kuulizwa. Nimeipangia kikomo cha MB 64, kwa namba kamili badala ya asilimia, na nikinakili kitu kwenye flashi bado napiga sync na kungoja amri irudi. Kijana mmoja wa ofisini alinikuta nikifanya hivyo, mkono uko juu ya meza, natazama skrini tupu. Akasubiri kwa heshima, halafu akaniuliza: “Mzee, hii ni ya mitumba?”